Somo Lililofundishwa Mara Mbili

Nilisomea stashahada ya kufundisha Kiingereza kwa njia ya posta, katika miaka ya tisini, nikiwa tayari na shahada ya chuo kikuu isiyonisaidia. Shahada hiyo ilikuwa ya fasihi, si ya ualimu, na mwalimu mkuu wa shule ya upili niliyofundisha Ruiru alikuwa ametuonya kwamba wasiosomea ualimu ndio wangeachishwa kwanza. Mke wangu alifundisha shule ya msingi Thika, tulikoishi, naye pia alitamani stashahada ili apandishwe daraja. Mishahara yetu haikutosha kusomesha watu wawili. Tulikubaliana nitangulie mimi, kwa kuwa kazi yangu ndiyo iliyotishiwa. Nikishapata cheti, iwe zamu yake.

"Ni miaka miwili tu," nilimwambia.

"Miwili nitaivumilia, mwalimu. Wa tatu utanipikia nikisoma."

Chuo kilikuwa ng'ambo na karo yake ilitozwa kwa pauni. Katikati ya masomo shilingi yetu iliporomoka, na awamu ya pili, ambayo kwa hesabu yao haikuwa imebadilika, kwetu ikawa mzigo mwingine kabisa. Kijitabu chao kilidai kwamba masomo yale yalimfaa mtu aliyeajiriwa. Aliyeandika hivyo sidhani aliwahi kusahihisha insha za madarasa matatu yenye wanafunzi hamsini hamsini. Nilitakiwa kunasa kipindi kimoja kwenye kaseti, kisha niandike kila neno lililotamkwa darasani, langu na la wanafunzi, hata kimya kilichopita kati yetu. Kipindi cha dakika arobaini kilinilia wikendi mbili. Insha zangu zilipigwa taipu mjini Thika na mwanamke aliyezirekebisha bila kuombwa, na maoni ya msahihishaji yalirudi miezi baadaye, nikiwa nimekwisha kulirudia kosa lile lile katika insha mbili zilizofuata.

Hata hivyo alama zangu zilikuwa nzuri. Insha iliyosifiwa kuliko zote ilihusu makosa ya mwanafunzi. Nilidai humo kwamba mwalimu asiyewapa watoto nafasi ya kukosea hafundishi, anakaririsha. Niliyaamini maneno hayo nilipoyaandika, na bado nayaamini. Ndiyo maana yaliyofuata yananiwasha hadi leo.

Mtihani wa mwisho ulikuwa kipindi kimoja mbele ya mtahini, mkufunzi mstaafu wa kutoka Nairobi aliyeajiriwa na chuo, lakini ada na nauli yake nililipa mimi kupitia chuo. Siku moja kabla, naibu wa mwalimu mkuu alinikuta katika chumba cha walimu nikipanga kadi zangu za somo.

"Hilo umeshawafundisha?"

"Ni la kesho."

"Mwalimu, mgeni hupelekewa chakula kilichoiva. Haitwi jikoni kuona moshi."

"Mwache," akasema mwalimu wa hesabu. "Huyu Kizungu chake huja na stempu. Kesho watoto wakimkodolea macho ndipo atatuuliza."

Walicheka, nami nikacheka nao. Hawakuwa walaghai. Kila mkaguzi alipotarajiwa, shule yetu na nyingine zote nilizozijua zilifanya hivyo: somo lilifundishwa leo, likafundishwa upya kesho mbele ya mgeni, watoto wakang'ara. Ilihesabiwa kuwa adabu. Nami nilikuwa na miaka miwili ya subira ya mtu mwingine begani. Alasiri hiyo niliwafundisha Kidato cha Pili somo zima, pamoja na kadi na maswali yake.

Kesho yake mtahini, mama mfupi mwenye miwani, aliketi nyuma ya darasa. Mikono iliinuka kabla sijamaliza kuuliza. Kisha, kwa woga, nikaruka swali moja. Msichana wa dawati la mbele alisimama na kujibu, kwa sauti safi na ufasaha wote, swali nililoliruka. Aliyemfuata naye akajibu kwa mpangilio wa jana. Nilipoinua macho, mtahini alikuwa ameweka kalamu chini.

Tulizungumza nje, kwenye veranda.

"Nimetoka Nairobi kuona watoto wakijifunza," alisema. "Hawa walijifunza jana."

"Ndivyo tunavyompokea mgeni, mama."

"Najua. Nimekuwa mkaguzi. Nilipokewa hivyo miaka mingi, na nikaandika vizuri." Akafunga faili lake. "Hawa walionituma hawanilipi kuandika vizuri."

Nilianguka. Barua ya chuo iliniruhusu kurudia kipindi kile kwa ada mpya. Nilimsimulia mke wangu yote bila kuficha, naye alinisikiliza akiendelea kusahihisha madaftari yake.

"Kwa hivyo wangekosea tu kama siku zote, ungepita?"

"Pengine."

"Na ile insha uliyonisomea nikipika, ya makosa, aliiandika nani?"

Aliweka tiki kadhaa, akageuza daftari jingine.

"Chukua zile pesa nilizoweka za kujiandikisha," akasema. "Ukiachia hapa, tutakuwa tumepoteza yako na yangu."

Nilizichukua. Mara ya pili sikuwatayarisha. Watoto walikosea, wakajirekebisha, nikapita, na kazi yangu ikasalimika. Zamu yake tuliisogeza mwaka mmoja. Kisha akazaliwa mtoto wetu wa pili, kisha karo ikapanda tena, na kufikia mwisho wa miaka ya tisini hakuna kati yetu aliyeitaja. Waliohitimu ualimu pamoja na mke wangu ni walimu wakuu sasa. Yeye angali anafundisha darasa la tatu.

Juzi binti yetu alimuuliza kwa nini hakuendelea na masomo.

"Haikutokea," akamjibu.

Nilikuwa nimeketi papo hapo. Nilikunywa chai yangu hadi ikaisha.