Mkanda wa Harusi ya Mama Mdogo

Marehemu baba alipiga picha za sinema siku ya harusi ya mama mdogo, kule Pangani. Mkanda ulikuwa wa rangi, na enzi hizo ulipaswa kupelekwa Ulaya kusafishwa. Haukupelekwa. Mama mdogo alifariki kwa uzazi kabla ya mwaka kwisha, na mama hakutaka tena kuusikia. Mwaka jana, hapa nyumbani Tanga, akauulizia mwenyewe.

"Nimeanza kumsahau sura," aliniambia. "Hata picha moja sina."

Dawa za rangi za mkanda ule hazitengenezwi tena. Nilichoweza ni kuusafisha kwa dawa za picha nyeusi na nyeupe, alizonipa jirani aliyewahi kufanya kazi ya eksirei. Nikamwonya mama kwamba rangi hatutaziona.

"Rangi nitatia mwenyewe. Gauni lilikuwa la manjano."

Nikajifungia stoo, nikaziba mianya ya mlango kwa blanketi, nikautumbukiza mkanda ndooni gizani. Jasho lilinitiririka hadi machoni. Baada ya dawa ya pili, ile ya kukazia picha, nikafungua mlango. Nilipousugua kwa maji ya magadi, masizi yaliyopakwa kiwandani mgongoni mwa mkanda yakatoka na vivuli vikaonekana: pantoni, watu wenye masanduku, mwanamke aliyejitanda anageuka.

"Mama! Zipo!"

Nyeusi na nyeupe zilikuwa zimebadilishana mahali, kwa hiyo nikakipiga picha kipande kimoja kwa simu, nikazigeuza humo simuni. Mama akaishika simu kwa mikono miwili.

"Huyo mimi," akasema. "Yeye yuko nyuma yangu. Endelea."

Ilibaki kuusuuza. Umeme ulikatika tangu asubuhi, barafu niliyoiweka ya kupozea maji yote imeyeyuka, na maji ya bomba adhuhuri ile yalikuwa ya moto kwa jua. Nilipouinua mkanda, utando wenye picha ulikuwa unabambuka, unaelea kama malai juu ya maziwa. Nikajaribu kuudaka kwa viganja, ukakatikakatika. Nikafunga bomba. Mkononi nilibaki na plastiki tupu, angavu.

"Ndiye yule?" mama akauliza, akionyesha kipande kilichokuwa kinazama.

"Sijui, mama."

Akakigusa kwa kidole. Kikapasuka. Akajifuta kwenye kanga, akaenda kutawadha. Mimi nilibaki nimechutama mbele ya ndoo, nisijue hata maji yale niyamwage wapi.