Uraibu Usio na Chupa

Kwenye benchi la zahanati moja hapa Mpanda tulikuwa wanne: muuguzi mwenye daftari, mkulima mzee wa Kasokola, mkewe aliyemleta, na mimi niliyesubiri kupimwa presha.

"Babu, unakunywa pombe?" muuguzi aliuliza.

"Sijawahi."

"Sigara? Bangi?"

"Hapana, mwanangu."

"Anacheza drafti," mkewe alidakia. "Kutwa nzima yuko kijiweni Shanwe na vizibo vya soda. Mahindi yetu yamemezwa na magugu. Mimi naona ni uvivu tu."

"Kupenda mchezo si ugonjwa, bibi. Lakini babu, umewahi kujaribu kuacha ukashindwa?"

Mzee alikuwa ameinama, kidole chake kikiruka juu ya vigae vyeusi na vyeupe vya sakafuni.

"Mama, sogeza mguu," alimwambia mkewe. "Umekanyaga kingi yangu."

Tulicheka wote, yeye zaidi yetu. Muuguzi aliandika "uraibu", kisha akaagiza: palizi kwanza, halafu mchezo mmoja tu kwa siku, na mpinzani awe mkewe.

Napenda kitu kiitwe kwa jina lake. Miaka yote aliyoitwa mvivu, mzee yule hakubadilika. Alipoitwa mgonjwa, alishika jembe. Mwezi uliopita nilikutana na mkewe sokoni. Aliniambia, huku akinionyesha vidole vitatu, kwamba sasa anamla mumewe kete tatu kwa mpigo, naye mzee hukimbilia nyumbani kutoka shambani ili alipe kisasi.

Mzee huyo alifariki Jumatatu iliyopita. Palizi ilikuwa imekwisha.