Mtu Anayebweka Dakika ya Tatu

Itangazwe kwa wakaaji wote wa Gisenyi, kuanzia wavuvi wa ufukweni hadi wakulima wa viazi wa Kanama, na nakala ipelekwe Busasamana kwa faida ya volkano: Jumamosi hii ya mwezi wa tisa, mwaka wa 1999, muziki umefanya mtihani huko Ubelgiji na umeanguka. Mtahiniwa ni Orchestre Sukuma Kivu ya Bukavu. Alama ni tatu nukta mbili juu ya kumi. Wakaaji wanaombwa kutulia.

Hakuna aliyetulia, na wa kwanza kutotulia alikuwa Vénuste.

Vénuste alikuwa mtu mwembamba wa miaka arobaini na mmoja, mwenye kibanda nyuma ya soko alimonakili kanda. Redio yake ya milango miwili ilikula kanda halisi upande huu, ikazaa nakala upande ule. Kazi hiyo aliianzia Bukavu, ukimbizini alikokulia. Siku ya kurudi nchini alivuka mpaka na redio, mke na godoro, na mke wake hakuacha kumkumbusha kwamba alihesabiwa wa pili.

Kanda ya Sukuma Kivu mji mzima uliijua kupitia nakala zake. Lakini bendi yenyewe Vénuste hakuwahi kuiona ikipiga. Sasa hoteli moja ya kando ya ziwa ilikuwa imeialika kwa Jumapili ya mwisho wa mwezi, saa nane mchana, na yeye alikuwa ameshapiga pasi suruali, ingawa zilibaki wiki tatu.

Jarida lililosahihisha mtihani huo halikuwa na karatasi. Lilikaa ndani ya kompyuta huko Brussels, ambako vijana fulani walisikiliza muziki wa Kongo na majirani wakaugawia alama kama walimu wa hesabu. Uwineza, karani wa shirika moja la misaada, alikuwa na kompyuta iliyolifikia. Kila Jumamosi alichapisha kurasa na kuzileta kibandani, ingawa mwenyewe alikuwa amekulia Tanzania na Kifaransa hakukijua hata cha kuombea chumvi. Mashabiki walilichukia jarida hilo kwa moyo wote na hawakukosa hata toleo moja. Ni wao wenyewe waliolipelekea kanda ya Sukuma Kivu, nakala safi kabisa, mkononi mwa padri aliyekuwa anasafiri.

"Tatu!" alipiga kelele Kankindi, muuza sambaza na rais wa kamati ya mashabiki, beseni la samaki likiwa bado kichwani. "Tatu iko alama ya mutu? Mutoto akiandika jina yake tu, banamupa ine!"

"Tulia, mama, nisome," alisema Vénuste, akaanza kutafsiri. "'Gitaa ni tamu. Lakini katika kila wimbo, dakika ya tatu, kuna mtu anabweka. Tumeshindwa kujua kama ni mlevi, mlinzi wa studio, au mshauri wa kiroho wa bendi. Kwa kubweka tumekata pointi tatu.'"

"Nani anabweka?" aliuliza Uwineza.

"Sijui! Hakuna mutu anabweka!" alijibu Kankindi.

Pale mlangoni alikuwa amesimama Kayitare, meneja wa ile hoteli, aliyekuja kununua kanda na sasa anatamani asingekuja.

"Bon," alisema. "Mi napenda hii muziki, munajua. Lakini patron, mwenye hoteli, eko Kigali, na ile kitu anaisoma. Chini ya tano, salle ya hoteli haifunguke. Munipatie tano, mi nabapa salle."

"Papa Kayitare, suruali nishapiga pasi!"

"Donc uivae kanisani."

Alipoondoka, Vénuste alitia nakala moja kwenye redio. Wakasikiliza wimbo wa kwanza hadi mwisho. Wakaurudia. Kankindi alitua beseni, akafumba macho, akasogeza sikio hadi kwenye spika.

"Hakuna mubwekaji," alitoa hukumu. "Bale ba Brussels benye masikio yao iko na malaria."

"Samahani," alisema Uwineza kwa Kiswahili chake kilichonyooka. "Huyu anayesema 'Kwa Vénuste, nyuma ya soko!' ni nani?"

"Ile?" Kankindi alimwangalia kwa huruma. "Ile iko maneno ya wimbo, dada."

Kisha kibanda kizima kikamgeukia Vénuste.

Alikuwa amesahau. Kwa kweli kabisa alikuwa amesahau. Miaka ile wanakili wengine walipokuwa wakiiba kazi yake, alianza kutia sauti yake katika kila nakala, pale dakika ya tatu, gitaa linapopaa, ili mwizi asiweze kuikata bila kukata utamu. Mji ukazoea. Maharusi waliingia ukumbini na tangazo lake, mafundi walishona nalo. Yeye mwenyewe aliacha kulisikia, kama mtu anavyoacha kusikia koromo lake.

"Tubaandikie Brussels iko mutu wa Goma," Kankindi alishauri. "Nani atajua?"

Vénuste aliitazama ile suruali iliyoning'inia kwenye msumari. "Hapana. Bendi haikufanya kosa. Nitaandika mwenyewe."

Akaandika kwa Kifaransa, Uwineza akapiga chapa na kutuma kwa kompyuta saa ya chakula, herufi kwa herufi, bila kuelewa hata neno: *Mabwana, anayebweka ni mimi. Bendi haikujua. Pointi tatu ni zao, warudishieni. Mkitaka kukata, nikateni mimi.*

Siku kumi Vénuste hakunakili hata kanda moja vizuri. Ya kumi na moja jibu likaja: *Tumewarudishia. Sasa ni sita nukta mbili. Mengine hatubadilishi.*

"Sita tu?" Kankindi alifoka. "Sasa njo banatutukana na adabu!"

Lakini sita ni zaidi ya tano, na Kayitare alifungua salle.

Jumapili hiyo ukumbi ulijaa hadi madirishani. Vénuste alikaa mstari wa mbele, mistari ya pasi ikikata kama wembe, akiwa na hamu ya kusikia ile solo safi, bila yeye ndani yake. Bendi ikaanza. Gitaa likapanda, likapanda, likafika palepale, na watu mia tatu wakapaza sauti kwa pamoja:

"KWA VÉNUSTE, NYUMA YA SOKO!"

Vidole vya mpiga solo viliruka kutoka kwenye nyuzi. Aligeuka kutafuta polisi. Wimbo wa pili, vilevile. Kufikia wa nne, bendi ilikuwa imeshika adabu: ikifika dakika ya tatu inanyamaza, inawangoja watu wamalize, halafu inaendelea.

Watu walipokuwa wakitoka, wametota jasho na furaha, Kankindi alimkimbilia Vénuste na kalamu mkononi.

"Kaka Vénuste! Tunatumia Brussels alama ya Gisenyi. We njo mukubwa, useme. Niandike kumi, ao kumi na moja?"

Vénuste alikung'uta suruali yake.

"Tano."

"Tano? Hata bale balitoa sita!"

"Tano," alisema Vénuste. "Iko batu banabweka."