Maswali ya Fasihi na Majina ya Kwetu

Mjukuu wangu alichagua fasihi alipoingia gredi ya kumi, na mwalimu wake alishamwambia wazi: akileta tena jibu lisilo na ushahidi, atahamishiwa somo lingine. Jumamosi hiyo alikuja kwangu, shosho wake, huku Gatongora na karatasi ya maswali, uso umemshuka.

Mimi shule niliiachia darasa la tatu huko Kalimoni. Nikamwambia anisomee. Hadithi ilikuwa ya mwanamume anayefanya kazi kwenye machimbo ya mawe, mkewe, na binti yao wa kwanza aliyepewa jina la mama ya mke. Swali: baba anaficha nini? Toa ushahidi.

Hata sikumwacha amalize. Majina ya watu wote niliowahi kuishi nao ninayo kichwani. Kwetu binti wa kwanza huchukua jina la mama ya baba, wa pili la mama ya mama. Yeye mwenyewe ni binti wa pili wa msichana wangu, ndiyo maana anaitwa kama mimi. Nikamtajia nyumba moja moja, zaidi ya ishirini, zote hivyo.

"Basi huyu ana binti mwingine mahali, aliyetangulia," nikamwambia. "Andika."

Akaandika ukurasa mzima, amefurahi.

Mpangaji wangu, mama wa kutoka Magharibi mwa Kenya, alikuwa akifua pale mferejini na kusikia yote. Akauliza watu wa hadithi ni wa wapi. Mtoto akaangalia: Bungoma, huko huko kwao. Yule mama akacheka mpaka nguo ikamtoka mkononi.

"Shosho, mimi nilipewa jina la mvua kwa sababu nilizaliwa ikinyesha. Sasa baba yangu alikuwa na bibi mwingine mawinguni?"

Nikazipitia tena kichwani. Nyumba zangu zote ishirini na kitu zilikuwa za Wakikuyu, tena majirani. Mtoto akaanza kufuta, machozi yanamlengalenga, na mimi ndiye niliyemponza. Nikamwomba asome tena polepole, nami nifunge mdomo.

Alisoma mara mbili. Mara ya tatu akasimama mwenyewe katikati, akanionyesha. Kwenye hadithi, Jumatatu baba alisema ametoka machimboni, viatu visafi. Jumatano, visafi. Ijumaa, hata vumbi la mawe hakuna.

"Shosho, huyu hana kazi tena. Anaogopa kumwambia mkewe."

Nikasema hiyo ni hakika kabisa. Akatikisa kichwa, akaandika "huenda". Alisema siku tatu si maisha yote ya mtu.

Jumatatu jioni mjukuu wangu aliingia bila hodi, akasema amebaki kwenye somo la fasihi, na kwamba mwalimu alipigia mstari lile "huenda". Nikampakulia githeri. Alipokula nusu sahani akaniomba, kwa adabu sana, nikisomewa swali lingine nimwache kwanza afike mwisho. Mpangaji akadakia kutoka nje kwamba yeye atakuja kunishikia mdomo.