Niliitwa "Bibi Harusi" wodini Bariadi mpaka nikaanza kuiogopa kazi ninayoijua

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Haya yamenipata mimi mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Majina nimebadilisha na hospitali siitaji, maana bado naingia pale kila siku.

Niiteni Zuhura. Ni muuguzi, mzaliwa wa Tanga. Mume wangu ni mwalimu, alipopangiwa Simiyu nikamfuata, nikapata kazi kwenye hospitali moja binafsi pale Bariadi, wodi ya watoto.

Wenyeji walinipokea vizuri mno. Kisukuma sikijui, ila salamu yao ya asubuhi, "mwangaluka", niliishika mapema, kwa sababu kina mama wa wodini hawakuachi upite hivi hivi. Unasalimiwa, unaulizwa nyumbani, unaulizwa watoto, na dripu inakusubiri mkononi.

Shida yangu ilikuwa in-charge wa wodi. Nitamwita Sister Debora.

Kazi anaijua, hilo siwezi kumnyima. Mtoto akibadilika ghafla, yeye ndiye unayetaka awe karibu. Nalisema hili mapema kwa sababu watu hudhani mnyanyasaji wa kazini lazima awe mtu asiyejua kitu. Wangu alikuwa hodari, na ndiyo maana hakuna aliyethubutu kumgusa.

Ilianza hivi. Nilikuwa nambembeleza mtoto ameze dawa, "tafadhali mwanangu, kidogo tu." Akapita akasema wodi nzima isikie kwamba hapa si Pwani, wagonjwa hawaimbiwi taarabu. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, nikajua ni utani wa kukaribishana.

Kesho yake kwenye ripoti ya asubuhi akaniita Bibi Harusi. Kisa natembea taratibu na nasema samahani kila mara. Jina likashika. Likaingia hadi kwenye group la WhatsApp la wodi. Nikiomba kubadilishana zamu, jibu ni kwamba Bibi Harusi amechoka na fungate. Nikiuliza swali kwenye ripoti, anaigiza sauti yangu kwanza, jibu baadaye, au asijibu kabisa.

Mnaweza kusema hilo ni dogo. Na mimi nilijiambia hivyo hivyo. Lakini kitu kidogo kikirudiwa kila asubuhi mbele ya wenzako, unaanza kuishi kwa kukisubiri. Nikawa napanga sentensi zangu kichwani kabla ya kuzitamka. Kisha nikaacha kabisa kuzungumza kwenye ripoti.

Nyumbani mume wangu alinisikiliza, akasema niache kazi, tutakula kitakachopatikana. Nilimshukuru ila nilikataa. Niliona nikiondoka vile nitaondoka na hofu yangu, niende nayo hospitali nyingine.

Sasa siku iliyonibadilisha.

Aliletwa mtoto kutoka kijiji cha Sapiwi, ameharisha mpaka macho yameingia ndani. Amekuja na bibi yake. Natakiwa kumwekea branula, ile sindano ya kupitishia dripu, kitu nilichokifanya mara nyingi hata sikumbuki. Nikahisi Sister Debora amesimama nyuma yangu. Nikawa nasubiri atakachosema badala ya kuutazama mkono wa mtoto. Nikakosa mshipa.

Akanisukuma kwa bega. Akasema, "Toka hapo, utaua mtoto wa watu."

Alimwekea yeye, mtoto akapata maji, akapona. Nashukuru Mungu.

Ila yule bibi hakunitazama tena. Nilipoenda baadaye kubadilisha dripu alimvuta mjukuu wake kifuani. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hili halikuwa tena jambo la mimi kuumizwa roho. Mgonjwa ameanza kuniogopa, na mimi nimeanza kuiogopa mikono yangu.

Muda wa chai nilimfuata Masunga, clinical officer wetu, yaani tabibu, kijana wa huko huko Sapiwi. Mtu mpole, ndiye alikuwa akituletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga kutoka kwao. Lakini na yeye alikuwa akicheka. Nikamuuliza bila ugomvi: anaponiita lile jina, wewe unacheka nini?

Akasogeza kikombe pembeni. Mwisho akaniambia kuna wauguzi waliokuwepo kabla yangu, nao walipewa majina, wakaondoka. Nikamwomba awe shahidi wangu. Akasema ana familia, hawezi.

Sikumlaumu. Iliniuma, lakini sikumlaumu.

Nikaamua kuanza na mhusika mwenyewe. Niligonga mlango wa Sister Debora, nikaomba kukaa. Nilikuwa nimelisema lile neno njia nzima kutoka nyumbani ili lisinikwame.

"Sister, nikikosea niite pembeni unifundishe, nitashukuru. Lakini jina langu ni Zuhura, na naomba uniite hivyo."

 Akasema mimi ni mlegevu, na uuguzi si kazi ya watu wanaojihurumia. Kwenye ripoti iliyofuata akatangaza kwamba Bibi Harusi amekuja kumshtaki kwake mwenyewe.

Nikaenda kwa katibu wa hospitali. Nilieleza kilichotokea, nani alikuwepo, na jinsi kinavyogusa wagonjwa. Sikumtukana, sikuongeza chumvi. Katibu akaitisha kikao cha wodi nzima, Sister Debora akiwepo.

Wakuu, kile kikao sitakisahau. Katibu aliuliza kama kuna aliyeshuhudia. Watu niliokula nao michembe wanatazama sakafu. Sister Debora akatabasamu kidogo, akasema ni utani wa kazini, wote huwa tunacheka.

Masunga akainua mkono. Alikuwa hamtazami mtu.

"Ni kweli, mimi huwa nacheka," alisema. "Nacheka ili zamu isinifikie mimi."

 Kisha muuguzi mmoja mtu mzima, anayekaribia kustaafu, akasema na yeye ni hivyo hivyo. Akafuata mwingine. Sister Debora akaacha kutabasamu.

Hakufukuzwa. Alipewa onyo, akahamishiwa wagonjwa wa nje, hana tena watu chini yake mpaka uongozi uridhike. Wapo waliosema nimemharibia mtu mzima kazi. Wapo walioacha kuniletea salamu. Masunga alifokewa na rafiki zake, ila michembe bado analeta.

Muda ukapita. Mchana mmoja Sister Debora alinikuta nje nikimsubiri bodaboda. Tukasalimiana. Akaniambia alipokuwa mwanafunzi, mwalimu wake wa wodini alikuwa akimtupia trei ya vifaa miguuni mbele ya wagonjwa. Alikuwa analia chooni, ananawa uso, anarudi kazini. Akaamini ndivyo muuguzi anavyotengenezwa.

Kisha akaniomba niende kwa katibu, niseme tumeyamaliza, ili arudishiwe wodi.

Nilimwamini. Nilimwona kabisa yule binti aliyekuwa akinawa uso. Nikamwambia, "Nimekusamehe, Sister. Lakini kwa katibu sitaenda."

Alitikisa kichwa taratibu, akaondoka. Nimewaza sana kama nilikuwa mkatili. Bado jibu langu ni lile lile, kwa sababu msamaha ulikuwa wangu kuutoa, ila ile wodi ni ya wauguzi watakaokuja na watoto watakaolazwa.

Nilichojifunza ni kwamba mnyanyasaji hafanyi kazi peke yake. Anahitaji wanaocheka. Siku mmoja akiacha kucheka, utani wote unabaki uchi, kila mtu anauona ulivyo. Na wewe unayeonewa, sema mapema ukiwa bado unaiamini mikono yako.

Nimemaliza wakuu. Waliopitia haya naomba mseme mlitokaje. Na kuna wengine najua mnasoma kimya kimya: kazini kwenu yupo mtu anayechekwa kila asubuhi, na nyie mpo pale. Nanyi nawasikiliza.