Magego ya Mboni

Mwamvua wa Mwera alikuwa mshona makuti, na mkono wake ulijulikana mpaka ng'ambo ya mto Pangani. Masika yapige yapigavyo, paa lake halivuji. Ila mwaka ule, katika miaka ya hamsini, macho yake hayakuwa kwenye kuti. Yalikuwa kwenye shavu la bintiye, Mboni, mtoto wa miaka sita.

Mboni alikuwa mtoto wa homa. Ikimwacha leo, wiki haijapinduka imerudi, mpaka akabaki kama unyasi. Basi gego lake lilipolegea na kung'oka, bibi yake, Mastura, alifurahi kama aliyeuona mwezi wa Idi.

"Haya mke mwenzangu, ushakuwa kibogoyo. Nani atakuoa sasa?"

"Babu," akajibu Mboni, na bibi akacheka mpaka akashika mbavu.

Mtoto akaipa nyumba mgongo, akarusha jino juu ya makuti, akamwomba panya ampe jipya.

Hazikupita siku nyingi, gego la pili nalo likang'oka. Shavu likavimba. Mwamvua akapitisha kidole kinywani mwa mtoto: meno ya mbele yote yalikuwa imara.

"Mama, mtoto huanza kung'oka ya nyuma?" akamuuliza mkwewe.

"Meno yana njia zake, mwanangu. Usimtafutie mtoto maradhi kwa kumtazama sana."

Mwamvua akarudi kwenye makuti yake, mkaza mwana hashindani na mama mkwe. Lakini sindano ilimchoma vidole kutwa. Gego la tatu lilipolegea, na jicho la Mboni likaanza kutokeza nje, hakumuuliza mtu. Alimbeba mgongoni, akavuka mto, akapata lori la mkonge mpaka Tanga.

Hospitalini, Ernesti, dresa mfunga vidonda aliyemfasiria daktari, alitazama chini kwanza.

"Si meno, dada. Ni saratani, imeota tayani. Ndiyo inayoyasukuma."

"Ningemleta lilipong'oka lile la kwanza?"

"Hata siku ile, dada. Dawa yake hatuna."

Siku hizi, wasikilizaji wangu, wataalamu wanatwambia kuna kirusi kinachokaa kimya miilini mwa watu wengi. Malaria ikimrudia mtoto mara kwa mara, kinga yake huchoka, na kirusi kile kikapata upenyo wa kuziharibu chembe zilezile zinazomlinda. Mwamvua hakuwa na wa kumweleza hayo. Alichokuwa nacho ni gego la tatu, lililong'oka asubuhi ile, amelifunga pembeni mwa kanga.

"Nipe nilirushe," Mboni akasema walipotokea uani.

Akaipa nyumba mgongo, akarusha. Paa la hospitali lilikuwa la bati. Jino likateleza, likaanguka miguuni pa mama yake.

"Limekaa?" Mboni akauliza, hajageuka.

Mwamvua akalikanyaga, akalididimiza mchangani kwa kisigino.

"Limekaa, mwanangu."