Kikombe Ambacho Placidia Hakukionja

Macho ya Eustadia yalipogeuka manjano, mwaka 1988, kila mtu Kituntu alijifanya mganga. Yeye wala hakuwahitaji. Alimjua aliyemuua kabla hata hajafa: ni wifi yake Placidia, mke wa kaka yake Kashaija.

Ushahidi alikuwa nao. Kwenye karamu ya Kashaija, Placidia alimpa kikombe cha rubisi bila kuonja. Na kwetu anayekukaribisha pombe ya ndizi huionja kwanza, wewe ukimwona, ndipo unywe. Placidia alijitetea kwamba ameokoka, pombe haigusi midomo yake. Wokovu gani huu, Eustadia alijiuliza, unaoanzia kwenye kikombe changu? Tangu hapo hakula hata kiazi kilichopita mikononi mwa wifi yake. Ukoo nao ukaamua: hospitali ikisema ni sumu, Placidia atafukuzwa, arudi kwao Kaisho.

Hospitalini daktari akamshuku mgonjwa mwenyewe.

"Mama, pombe unakunywa sana?"

Eustadia akanuna. Akapimwa virusi vya homa ya ini, havikuonekana. Mwishowe damu yake ikasafirishwa Ulaya, na majibu yakachukua miezi.

"Tumekuta kingamwili," daktari akamweleza. "Hao ni askari wa mwili, kazi yao kupigana na magonjwa. Wako wamekosea adui, wanalishambulia ini lako."

"Nani kawatuma?"

"Hakuna aliyewatuma, mama. Hii si sumu."

Eustadia akamtazama kwa jicho la pembeni. Huyu naye kahongwa, aliwaza. Ila vidonge alivyopewa vya kuwatuliza askari hao alivimeza, na wiki zilivyopita hamu ya kula ikarudi, weupe wa macho ukarudi. Sumu gani inatulizwa na vidonge vya askari? Hapo aibu ikamshika, aibu ya kweli.

Alipopata nguvu alikwenda kwa Kashaija. Akamkuta Placidia uani, anafunga mzigo.

"Wifi, nisamehe. Hukunipa kitu. Ni damu yangu mwenyewe inayonipiga. Hakuna wa kukufukuza tena."

"Nimekusamehe, wifi." Placidia aliendelea kukaza kamba. "Lakini sifukuzwi, naondoka mwenyewe. Mume wangu hajala chakula changu tangu Pasaka."

Eustadia akageuka kumtafuta kaka yake. Kashaija alikuwa mlangoni pa jiko, kainama, anajimenyea ndizi zake.